Mkimbiaji wa Nne

Tarehe 10 Januari 2026 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yatafanyika Tallahassee, makao makuu ya jimbo la Florida. Ni mara ya kwanza yanarudi Marekani tangu 1992, yalipofanyika Boston katika bustani ya Franklin Park, theluji ikiwa ardhini. Wanafunzi wangu wawili watatu wanaofuatilia riadha wamekuwa wakinijia na swali moja: je, safari hii Wamarekani, wakiwa nyumbani kwao, wataweza kupambana na Wakenya, Waethiopia na Waganda? Na kila wanapouliza huwa wamekwisha kujijibu: hawawezi, maana mbio ndefu ziko katika damu.

Mimi si kocha wala mwandishi wa michezo. Ninafundisha siasa na sera za umma, na miguu yangu haijawahi kunisaidia hata kuliwahi basi. Lakini jibu hilo la damu linaniudhi, na linaniudhi kitaaluma. Damu ni jibu linalofunga mjadala. Ukisema mtu anashinda kwa damu, hapana tena haja ya kuuliza nani alimlisha, nani alimfundisha, nani anamlipa mshahara, sheria gani ilimfungulia mlango na serikali gani ilimfungia. Miaka ya 1920 waliotawala mbio ndefu walikuwa Wafini, Paavo Nurmi akiwa mbele yao, naye alishinda mbio za nyika za Olimpiki mwaka 1920 na 1924. Wakati huo pia walikuwepo wataalamu waliothibitisha kwamba siri ni asili ya Wafini. Leo Wafini wako wapi? Asili yao haikubadilika.

Nilisoma shahada yangu ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha majimbo ya kati ya Marekani, nchi ya mahindi na upepo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nikijitambulisha kuwa natoka Tanzania, swali la pili au la tatu lilikuwa: na wewe unakimbia? Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Nimekulia usawa wa bahari, kwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na mbio ndefu kuliko zote nilizowahi kukimbia nilimkimbia mwalimu wa zamu. Niliwaeleza hivyo, wakacheka, na wiki iliyofuata wakaniuliza tena.

Mpangaji mwenzangu, kijana wa familia ya wakulima, ndiye aliyenipeleka Jumamosi moja ya Oktoba kuangalia mbio za nyika za shule za sekondari. Nilitarajia kuona vijana ishirini. Nikakuta mabasi ya njano yamepangana kama ya mahujaji, mahema ya shule kila upande, na mbele ya mstari mmoja mweupe uliochorwa kwenye majani watoto mia kadhaa wamesimama wakisubiri mlio wa bunduki. Ulipolia, ardhi ilitikisika. Wazazi wakaanza nao kukimbia kukatiza uwanja ili wawaone watoto wao kwenye kona inayofuata, wamama na thermosi za kahawa, wababa na mbwa. Mshindi alipofika walimpigia makofi. Aliyekuwa wa mwisho, mvulana mnene aliyekuwa akitembea zaidi ya kukimbia, alipigiwa makofi marefu zaidi.

Zaidi ya watoto laki nne wa sekondari nchini humo hukimbia mbio za nyika kila mwaka. Sijui nchi nyingine yenye jeshi kama hilo la watoto waliosajiliwa, wenye kocha, sare, basi na ratiba. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Marekani haina watu wa kukimbia, namwambia arudi akahesabu upya. Kasoro, kama ipo, haipo kwenye chanzo cha mto.

Hapa lazima nieleze jinsi mbio hizi zinavyohesabiwa, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Mbio za nyika hazina rekodi ya dunia. Njia hubadilika kila mara: leo matope, kesho mchanga, keshokutwa kilima na mifereji. Saa haina maana kubwa. Kinachohesabiwa ni nafasi. Na nafasi huhesabiwa mara mbili: mara moja kwa mtu binafsi, mara ya pili kwa nchi. Kila nchi huleta wakimbiaji sita katika mbio za wakubwa, na nafasi za wanne wa kwanza hujumlishwa. Wenye jumla ndogo ndio washindi. Maana yake ni kwamba nyota wako akishika nafasi ya kwanza amekupa pointi moja tu. Na kama mtu wako wa nne amekuwa wa hamsini, yule nyota amefanya kazi bure. Nchi inapimwa kwa mkimbiaji wake wa nne.

Wamarekani wamewahi kuwa na nyota. Craig Virgin, mtoto wa shamba kutoka Lebanon, Illinois, aliyeishi na maradhi ya njia ya mkojo tangu utotoni, alishinda Paris mwaka 1980 kwa kuwapita wenzake mwishoni kabisa, akashinda tena Madrid mwaka 1981. Mpaka leo ndiye mwanaume pekee wa Marekani aliyewahi kushinda mbio za wakubwa. Ile ya Madrid inakumbukwa pia kwa kisa cha Waethiopia, waliokuwa wakishiriki kwa mara ya kwanza: walidhani mzunguko wa kabla ya mwisho ndio wa mwisho, wakatoka mbio zote, wakasimama, wakagundua bado. Hata hivyo walichukua ubingwa wa timu. Nadhani hiyo ndiyo siku ambayo mwenye macho angejua mambo yanaelekea wapi.

Wanawake wa Marekani walifanya makubwa zaidi, na habari yao ina mafunzo zaidi kwa watu wa sera. Doris Brown alishinda mbio za kimataifa za nyika mara tano mfululizo, 1967 hadi 1971, wakati ambapo Olimpiki haikumruhusu mwanamke kukimbia zaidi ya mita 800. Mita 1,500 za wanawake ziliingizwa mwaka 1972, na mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo haikutaja riadha hata kwa neno moja. Lakini kwa kuwa shule na vyuo ndivyo vyenye michezo, ilibidi wasichana wapewe timu. Lynn Jennings alikuwa msichana wa zama zilezile za mpito: sekondari alikimbia katika timu ya wavulana kwa kuwa ya wasichana haikuwepo. Msichana huyo alikuja kuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1990, 1991 na 1992, ile ya tatu ikiwa ni hiyo ya Boston, mbele ya watu wa jimbo lake. Miezi michache baadaye akapata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Barcelona. Mwenye kutaka kuona sheria ikitembea kwa miguu miwili amtazame Jennings.

Serikali inayofungua mlango ndiyo hiyohiyo inayoufunga. Mwaka 1980 Virgin alikuwa katika ubora wake. Kiangazi hicho alikimbia mita 10,000 kwa dakika 27:29.16, muda wa pili kwa ubora duniani wakati huo. Hakwenda Olimpiki ya Moscow, kwa kuwa serikali yake ilisusa kwa sababu ya Afghanistan. Kenya nayo ilisusa, na hivyo Henry Rono, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington na aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, akakosa Olimpiki ya pili. Ya kwanza, Montreal 1976, aliikosa kwa ule mgomo wa nchi za Afrika dhidi ya ziara ya raga ya New Zealand kwa Makaburu. Mgomo ule wa 1976 ninauunga mkono hadi leo. Lakini ni haki kuwataja walioulipia.

Tanzania ilikwenda Moscow. Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter. Na Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso! Yaani wenzake wa darasani walizuiwa na Rais wao kwenda, yeye akaenda, akarudi na medali shingoni, na Novemba ya mwaka huohuo akashinda ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vyote vya Marekani. Chuo hicho cha El Paso kilitwaa ubingwa huo wa timu mara sita kati ya 1975 na 1981, kikitegemea zaidi wanafunzi kutoka Afrika, Gidamis Shahanga wetu akiwa miongoni mwao. Wamarekani wengi walilalamika: hawa ni watu wazima, wanachukua nafasi za ufadhili za watoto wetu. Malalamiko hayo bado yapo na hurudi kila msimu. Mimi nayaelewa, lakini nayaona yamegeuza mambo juu chini. Kijana wa Illinois aliyetaka kumwona bingwa wa kweli hakulazimika kupanda ndege. Alimkuta kwenye majani ya nchi yake, kila Novemba, akamfuata mpaka mapafu yakakataa. Chuo gani kingempa somo bora kuliko hilo?

Kuanzia 1986 hadi 2003 wanaume wa Kenya walishinda ubingwa wa timu mara 18 mfululizo. Hapo ndipo habari ya damu iliposhika mizizi, na hapo ndipo inapostahili kuchunguzwa. John Ngugi, bingwa wa dunia mara tano, alikuwa mwanajeshi. Paul Tergat, bingwa mara tano mfululizo, alikuwa mwanajeshi. Jeshi, polisi na magereza ya Kenya huajiri wakimbiaji, huwalipa mshahara wa kila mwezi, na huwaacha wafanye mazoezi. Kisha kila taasisi hufanya mashindano yake, washindi hukutana katika mchujo wa taifa, na waliochaguliwa walikuwa wakiwekwa pamoja katika kambi ya Kigari, Embu, kwa majuma kadhaa, wanakula sahani moja na kupanda vilima vilevile. Wakishuka kwenye ndege wamekwisha kuwa timu. Mmarekani wa wakati huo alikuwa na kocha wake katika jimbo lake, mkataba wake na kampuni yake ya viatu, na wenzake wa timu alikutana nao uwanja wa ndege.

Nchi yetu pia ina ushahidi wa jambo hili. Septemba mwaka huu Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Naye ni askari wa JWTZ.

Kuhusu mwinuko wa ardhi, ambao ndio hoja ya pili ya wanafunzi wangu baada ya damu, sitakaa sana. Iten iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mammoth Lakes ya California iko kiasi hicho hicho, Flagstaff ya Arizona inapita mita 2,000, na chuo kikuu kilichoko Flagstaff kilitwaa ubingwa wa wanaume wa vyuo mara sita kati ya 2016 na 2022. Kwa moyo wangu ninampenda zaidi Joe Vigil wa Alamosa, Colorado, mji maskini wa wakulima wa viazi kwenye bonde lililo juu ya mita 2,200. Vigil alizaliwa Antonito, akafundisha katika chuo kidogo cha Adams State, na mwaka 1992 vijana wake walishika nafasi zote tano za kwanza katika ubingwa wa taifa wa vyuo vya daraja la pili. Katika kundi lake ndimo alimokuwamo Pat Porter, aliyekuwa bingwa wa taifa mara nane mfululizo na wa nne wa dunia mwaka 1984. Baadaye akamfundisha Deena Drossin, aliyepata fedha ya dunia mara mbili, Dublin 2002 na Lausanne 2003. Kwa hiyo milima wanayo. Hata walimu wanao.

Machi 2007 mashindano hayo yalikuja kwetu pwani, Mombasa. Nilikuwa nimerudi nyumbani, nikapanda basi kutoka Tanga, nikavuka Horohoro, nikaenda kuyaona. Yalifanyika kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, na joto la siku ile sisi wa pwani tunalijua kwa jina lake: joto la kuelekea masika, ambalo hata kivuli hutoka jasho. Niliona wanariadha wakubwa wakiyumba kama watu wa ngalawani. Kenenisa Bekele, aliyekuwa hajashindwa mbio hizi kwa miaka mitano, aliacha kabla ya kumaliza, na umati wa Wakenya ukalipuka kwa shangwe ambayo, niseme ukweli, haikunipendeza. Mshindi akawa Zersenay Tadese wa Eritrea. Pembeni yangu alisimama mzee mmoja mwenye kikoi na kofia, akiwatazama vijana wa Bonde la Ufa wakibebwa kwa machela, akasema kwa upole: "Hawa wametuletea miguu yao, jua letu hawakulijua." Nimefundisha kwa miaka mingi na sijapata kutoa hoja fupi kama ile. Mwili una ardhi yake, na mazoezi yana mahali pake. Mkenya wa Mombasa na Mkenya wa Iten wana pasipoti moja, lakini atafutaye mkimbiaji haendi Mombasa.

Sasa nije Bydgoszcz, Poland, Machi 2013, kwenye baridi na barafu. Ethiopia ilishinda kwa pointi 38. Wa pili walikuwa Marekani, pointi 52. Wa tatu Kenya, pointi 54. Msomaji asipite haraka hapo. Katika mbio zilizoshindwa na Mkenya, Japhet Korir, timu ya Kenya ilikuwa nyuma ya timu ya Marekani. Ben True alikuwa wa sita, Chris Derrick wa kumi, na wale wawili waliofuata walishika nafasi ya 17 na ya 19. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa na medali ya Olimpiki. Nyota wa nchi yao hawakuwepo. Walikuwa watu wanne waliokubali kwenda, wakakimbia wakiwa wamekaribiana, na mtu wao wa nne akafika kabla ya mtu wa nne wa Kenya kufanya la maana.

Kwa nini basi halikurudiwa? Jibu langu ni la kihasibu. Mshindi wa dunia wa mbio za nyika amekuwa akipata dola 30,000. Mshindi wa marathoni ya Boston hupata dola 150,000, bila kuhesabu malipo ya kushiriki wala bonasi ya kampuni ya viatu. Mkimbiaji wa Marekani si mwajiriwa wa mtu. Ni mfanyabiashara ndogondogo anayeuza miguu yake, na mkataba wake unamlipa kwa muda wa uwanjani na kwa medali za uwanjani. Mwezi wa Machi, ambao kwa miaka mingi ndio uliokuwa mwezi wa mbio za nyika, yeye yuko katika msimu wa viwanja vya ndani au anajiandaa na marathoni ya Aprili. Ukimwambia aache hayo aende kukanyaga matope kwa ajili ya nafasi ya kumi na nne, anakuuliza swali ambalo mchumi yeyote angeliuliza. Kijana wa Iten anayepigania nafasi ya timu ya Kenya anaona jambo tofauti kabisa: jezi ile ndiyo barua yake ya kuombea kazi, na pengine nyumba ya mama yake.

Mtazame Conner Mantz. Alikuwa bingwa wa vyuo wa mbio za nyika mara mbili mfululizo, na mara ya pili, Novemba 2021, alishinda Tallahassee, katika bustani ileile ya Apalachee itakayotumika Januari. Kama kuna Mmarekani anayelijua lile vumbi, ni yeye. Lakini Mantz amekwenda barabarani, na Oktoba iliyopita kule Chicago akaweka rekodi ya taifa ya marathoni, saa 2:04:43. Simlaumu hata kidogo. Au watazame Cole Hocker na Grant Fisher: Hocker alishinda mita 1,500 Paris 2024 na mita 5,000 Tokyo 2025, Fisher alipata shaba mbili Paris, za mita 5,000 na 10,000. Nchi yenye watu hao haiwezi kusema inashindwa na damu. Inashindwa na kalenda yake.

Marekani imewahi kuujaribu mtindo wa Kenya, na matokeo yalikuja haraka kuliko nilivyotarajia. Jeshi lake lina programu ya wanamichezo, na kwa miaka kadhaa kabla ya 2016 lilikuwa na utaratibu wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi maalumu na kuwapa uraia kwa njia ya mkato. Wakenya waliokwenda kusoma huko kwa ufadhili wa riadha wakaingia jeshini: Paul Chelimo, Shadrack Kipchirchir, Leonard Korir, Hillary Bor. Olimpiki ya Rio 2016 Chelimo akaipa Marekani fedha ya mita 5,000, na kati ya Wamarekani watatu wa mita 10,000 wawili walikuwa Kipchirchir na Korir. Kuna watu wa kwetu waliowaita wasaliti na watu wa kwao waliosema si Wamarekani halisi. Mimi naona pande zote mbili zimekataa kuona kilicho mbele yao: mshahara wa askari, kitanda cha uhakika na wenzio wa kukimbia nao vinafanya kazi Colorado kama vinavyofanya Eldoret. Yupo pia Lopez Lomong, mtoto wa Sudan Kusini aliyetekwa akiwa na miaka sita, akakulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akapelekwa New York mwaka 2001, na mwaka 2008 akabeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Meb Keflezighi alitoka Eritrea na familia iliyokimbia vita. Weini Kelati alikwenda Oregon kwenye mashindano ya vijana mwaka 2014 akiwa na jezi ya Eritrea, akaomba hifadhi, akabaki.

Kwa sababu hiyo habari mbili za mwaka huu 2025 zinanitia wasiwasi zaidi kuliko matokeo yoyote ya Januari. Ya kwanza ni amri ya Juni iliyozuia raia wa nchi kadhaa kuingia Marekani, Eritrea na Somalia zikiwemo. Wanariadha wa mashindano makubwa wameachiwa upenyo. Lakini mtoto mkimbizi si mwanariadha wa mashindano makubwa. Ni mtoto mwenye mfuko wa plastiki mkononi. Meb alikuwa hivyo. Ya pili imepita kimya: mwezi huohuo mahakama iliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kwa mantiki ya haki, sina kinyongo. Waliokuwa wakiingiza fedha walikuwa hawalipwi. Lakini fedha hizo zitakwenda kwenye mpira wao wa Kimarekani na mpira wa kikapu, na mapatano yanaweka pia ukomo wa idadi: vyuo vilivyojiunga nayo haviwezi kuwa na zaidi ya wakimbiaji 17 katika timu ya mbio za nyika. Kabla ya hapo kocha aliweza kumpokea kijana wa thelathini, asiye na ufadhili wala jina, akakaa naye miaka minne mpaka akaiva. Mbio ndefu huiva polepole. Atakayekatwa ni huyo wa thelathini, na mtu wa nne wa timu ya taifa mara nyingi hutoka huko.

Nimeombwa utabiri, nautoa. Ubingwa wa mtu binafsi sioni Mmarekani wa kuuchukua. Kwa wanaume Jacob Kiplimo wa Uganda ameshinda mara mbili mfululizo, Bathurst 2023 na Belgrade 2024, na kwa wanawake Kenya ilichukua medali zote tatu kule Belgrade, Beatrice Chebet akiwa mbele. Kwenye mbio za kupokezana za wanaume na wanawake, kilomita mbili kwa kila mmoja, wenyeji wana watu wa mita 1,500 wa kutosha kupata medali wakiamua kuwapeleka. Kwa timu ya wanaume naweka shaba kama jambo linalowezekana, kwa sharti moja: waliochaguliwa Desemba wawe ndio walio bora, na wawe wamekubali. Tarehe ni rafiki kwao. Januari ni miezi miwili tu tangu msimu wa vyuo ufungwe, na vijana waliotoka Novemba wakiwa wakali bado watakuwa na matope kwenye viatu.

Itakuwa Jumamosi jioni kwetu. Kamera zitamfuata Kiplimo, kama inavyostahili. Nami, wakishamaliza watatu wa kwanza wenye jezi ya Marekani, nitaanza kuhesabu kwa sauti mpaka atokee wa nne. Nikifika ishirini na tano kabla hajatokea, nitajua hakuna medali.